Difu nyembamba ya nyuma kwa gari la kujiundia: nichague ipi?

bomba_na_chesisi
Wakuu, salaam. Nachora chesisi ya mabomba: siti mbili, injini mbele, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na kila gurudumu la nyuma lina mikono yake ya juu na chini. Nahitaji difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma) ya kufungwa kwenye fremu, siyo ekseli ya bomba, na iwe nyembamba.

Vipimo: uso wa habu (sehemu inayofungwa gurudumu) hadi uso wa habu 1320 mm. Uzito na dereva 720 kg, asilimia 52 iko nyuma. Injini 2.0, torki 190 Nm, gia ya kwanza 3.3. Nusu kipenyo cha tairi 290 mm. Gurudumu linapanda 75 mm na kushuka 75 mm. Nimeorodhesha R160 ya Subaru, ya Mazda MX-5, BMW ya 168, Ford Sierra ya inchi 7, Jaguar ya zamani na Ford 8.8. Ipi ni nyembamba kuliko zote?

Krauni37
Mkuu, upana wa ganda usikusumbue. Kinachokuhusu ni umbali kati ya kitovu cha jointi ya ndani ya kushoto na kitovu cha jointi ya ndani ya kulia (jointi ni kiungo kinachopinda kwenye ncha ya shafti ya gurudumu: ya ndani upande wa difu, ya nje upande wa habu). Difu inaweza kuwa na ganda dogo, lakini ncha zake zikawa ndefu na jointi ikakaa nje sana. Nyingine ina ganda nene lakini jointi imezama karibu na beringi. Kwa hiyo pima difu ikiwa na jointi zake mwenyewe, mpira wa kufunika jointi ukiwa umetolewa ili uone gololi zilipo.

Hesabu kwa gari lako. Tuseme kitovu cha jointi ya nje kiko 85 mm ndani ya uso wa habu. 1320 toa 170 unabaki na 1150 kati ya jointi za nje. Ukipata difu yenye 350 kati ya jointi za ndani, kila shafti ni 400 mm kitovu hadi kitovu. Ukipata yenye 500, shafti inabaki 325.

Sasa pandisha gurudumu 75 mm. Shafti ya 400 inalala kwa nyuzi 10.6, na kama gurudumu lingepanda wima kabisa jointi ingehitaji kuteleza 7 mm. Shafti ya 325 inafika nyuzi 13 na 8.5 mm. Zote mbili zinavumilika. Shafti ikipungua hadi 200 mm, pembe ni nyuzi 20.6 na mtelezo karibu 14 mm, na hapo jointi nyingi za ndani za kuteleza zimefika ukingoni. Zile za mifereji ya mshazari huishia kwenye nyuzi 22 hivi, za miguu mitatu zinaenda mbele kidogo tu. Kwa upana wako wa 1320, karibu difu yoyote kati ya hizo itakubali. Tatizo lako haliko kwenye upana.

mikono_miwili
Naongezea kitu ambacho wengi hawakioni kwenye mchoro. Kiasi ambacho jointi inateleza kinategemea pia mikono ilipofungwa. Litazame gari kwa nyuma: chora mstari kati ya egemeo la ndani la mkono wa juu na la mkono wa chini. Jointi ya ndani ikikaa kwenye mstari huo, na ya nje ikakaa kwenye mstari wa maegemeo ya nje, shafti inasafiri pamoja na mikono na mtelezo unakuwa mdogo sana. Jointi ya ndani ikiwa ndani zaidi ya mstari kwa 100 mm, shafti na mikono vinachora tao tofauti, na jointi ndiyo inayolipa.

Faida kubwa ya difu nyembamba ni hiyo: egemeo la mkono wa chini unaweza kulisogeza ndani, mkono ukawa mrefu, kemba (mlalo wa gurudumu likitazamwa kwa nyuma) isibadilike ovyo gurudumu likipanda. Shafti ndefu unaipata juu yake.

shafti_fupi
Pinioni (gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela, yaani shafti ya kutoka giaboksi) nayo haiko katikati. Kwenye difu nyingi mstari wa pinioni umesogea upande mmoja ukilinganisha na katikati ya flenji (sahani za kufungia shafti za magurudumu). Unachagua: ama pinioni ikae sawa na injini na shafti mbili ziwe na urefu tofauti, ama flenji ziwe katikati na propela ikae upande kidogo. Mimi ningechagua la pili. Ikisogea 25 mm kwenye propela ya 700 mm hiyo ni nyuzi 2 tu, na shafti moja ya akiba inafaa pande zote.

Ila usisahau kwamba pembe ya upande na pembe ya juu-chini zinajumlishwa kwa mraba. Nyuzi 2 za upande na 1.5 za juu-chini zinatoa 2.5 halisi. Krosi za propela zinataka pembe zilingane mbele na nyuma, na zisizidi nyuzi 3 hivi. Sifuri kamili nayo haifai, maana vijiti vya beringi havizunguki, vinachimba sehemu ileile.

bomba_na_chesisi
Nimewaelewa. Basi suala la nguvu. Kuna wanaosema R160 ni ya kuchezea, bila inchi 8.8 usitoke nyumbani.

Krauni37
Wanaosema hivyo wanahesabu injini tu. Difu haiwezi kubeba torki zaidi ya ile ambayo tairi inaweza kushika. Ikizidi, tairi inateleza. Tufanye hesabu mbili.

Kutoka kwenye injini: 190 × 3.3 × 4.1 (uwiano wa difu, yaani pinioni inazunguka mara ngapi tairi zikizunguka mara moja) ni takriban 2570 Nm kwa tairi mbili. Kutoka kwenye tairi: nyuma una 374 kg gari likiwa limesimama. Likiondoka kwa nguvu, uzito unahamia nyuma. Kwa urefu wa kitovu cha uzito 450 mm na umbali wa ekseli 2300 mm, unafika karibu 476 kg kwa tairi za kawaida zenye mshiko 1.1. Zidisha 476 × 9.81 × 1.1 × 0.29, unapata 1490 Nm. Tairi laini za mashindano zenye mshiko 1.4 zinakupeleka karibu 2050.

Maana yake ni kwamba hata gia ya kwanza ikitoa 2570, tairi zitakuwa zimeshateleza. Subaru waliweka R160 kwenye magari yenye uzito karibu mara mbili ya lako. Ni kweli huko nusu ya nguvu inakwenda mbele, lakini uzito unaoegemea difu ni mwingine kabisa. Namba 160 ni kipenyo cha krauni (gia kubwa ya difu inayozungushwa na pinioni) kwa milimita. R180 ni 180, R200 ni 200. Kinachovunja difu ndogo kwenye gari jepesi ni kuachia klachi ghafla injini ikiwa kwenye mizunguko mingi, na gurudumu linalorukaruka: linashika, linaachia, linashika. Hapo hesabu ya mshiko haikulindi kwa sababu mzigo unakuja kama nyundo.

gia_na_meno
Niseme moja moja, na maoni yangu yako wazi.

R160 ya Subaru: nyepesi, inapatikana kwa wingi, inachukua lita 0.8 tu za mafuta, na ufungaji wake ni rahisi kuiga. Kifuniko cha nyuma kina vijiti viwili vya nyuzi vinavyopita kwenye bushi, na pua inashikwa na mhimili wa mbele. Kwa gari la 720 kg ningeanza hapo. Datsun 510 ilitumia R160 pia, ila flenji na kifuniko vinatofautiana, usidhani kila kitu kinabadilishana.

MX-5: tofautisha mbili. Ya injini ya 1.6 ya mwanzo ina krauni ya inchi 6 na LSD yake (kifaa kinachozuia gurudumu moja lisizunguke bure) ilikuwa ya viskasi, ya mafuta mazito. Kuanzia 1994, pamoja na injini ya 1.8, ikaja ya inchi 7, na zenye LSD zikapata Torsen, ya gia. Chukua ya inchi 7. Ukiichukua, chukua na shafti zake pamoja na flenji ya propela, maana za 1.6 hazioani nayo. Lakini ina mtego: pua yake haikuundwa kujishikilia. Kwenye gari lake kuna fremu ya alumini inayounganisha difu na giaboksi, na hiyo ndiyo inayozuia pua isiinuke. Ukiiacha fremu hiyo lazima utengeneze mkono wa pua, la sivyo masikio mawili ya pembeni yanabeba kazi ambayo si yao.

BMW 168: nzuri, flenji za kufunga kwa bolti, uwiano mwingi wa kuchagua. Ile ya E30 inafungwa mbele kwa bolti na nyuma kuna sikio moja kwenye kifuniko. Ukihitaji zaidi kuna 188 na 210, ila ukubwa unapanda haraka.

Sierra ya inchi 7: Caterham, watengenezaji wa magari mepesi ya michezo, waliitumia miaka mingi, kwa hiyo kwenye gari jepesi haina cha kuthibitisha. Uwiano wa 3.62 na 3.92 unafaa injini yako. Shida ni umri. Nyingi zimechoka.

Ford 8.8: krauni 223 mm. Kwa gari lako ni chuma cha bure kubeba. Iache kwa wenye V8.

nati_kubwa
Jaguar je? Naiona sana kwenye magari ya kujiundia.

mikono_miwili
Inapendeza machoni, na kuifupisha ni rahisi kwa sababu shafti zake ni bomba lenye krosi mbili, unakata na kuchomelea. Lakini elewa unachonunua. Kwenye mfumo ule shafti ndiyo mkono wa juu. Haitelezi. Nguvu za kona zinapita kwenye shafti hadi kwenye beringi za ncha za difu. Ukitaka kuweka mikono yako mwenyewe ya juu na jointi za kuteleza, umeachana na mfumo wa Jaguar. Umebaki na ganda zito la chuma tu.

Breki nazo ziko ndani, zimefungwa kwenye flenji za difu. Joto la diski linapika sili za ncha, mafuta yanavuja, yanafika kwenye pedi. Na diski zile zinaisukuma jointi nje, kwa hiyo kwa hesabu ya Krauni37 hata si nyembamba. Kwa 720 kg, hapana.

bomba_na_chesisi
Basi R160 au MX-5 ya inchi 7. Kwenye masikio na pua nitumie chuma cha unene gani?

Krauni37
Anza na nguvu, unene utajileta. Gari likisukuma mbele, ganda linataka kuzunguka kinyume cha tairi: pua inapanda, nyuma inavutwa chini. Torki ya kuzuia ni ileile ya ekseli. Chukua 2570 Nm nzima, usichukue ya tairi, kwa sababu ya mapigo. Umbali kati ya mshikio wa pua na wa nyuma ukiwa 320 mm, kila mshikio unapata 2570 ÷ 0.32, karibu 8030 N. Hiyo ni kama 820 kg zikining'inia kwenye pua. Zidisha mara mbili kwa mapigo.

Kisha propela nayo inalisokota ganda upande: 190 × 3.3 ni 627 Nm. Masikio yakiwa 360 mm kati yao, ni 1740 N kila upande. Ndogo, lakini ipo, na inakuja wakati uleule.

Kwa hiyo pua haifungwi kwa kipande cha bati cha 3 mm kilichosimama peke yake. Tumia bati mbili za 4 mm zinazoikumbatia bushi pande zote mbili, bolti ikibebwa pande zote mbili, na bati zikaishie kwenye makutano ya mabomba. Bomba likishikwa katikati ya urefu wake linapinda, haidhuru ni nene kiasi gani. Njia nzuri ya kupunguza nguvu ni kurefusha umbali: mkono wa pua ukifika 500 mm kutoka mshikio wa nyuma, 8030 inashuka hadi 5140.

Bushi: mpira mgumu au poliyurethani. Ukifunga chuma kwa chuma, mlio wa meno utausikia kwenye siti, na masikio ya alumini yataanza nyufa kwenye kona ya ndani ya sikio. Pia usichanganye bushi laini mbele na ngumu nyuma. Ngumu itabeba mzigo wote.

shafti_fupi
Wakati wa kuchomelea weka ganda tupu, siyo difu nzima. Ukilazimika kuchomelea difu ikiwa ndani, klampu ya ethi iwe kwenye kipande kilekile unachochomelea. Umeme ukipita kwenye beringi unaacha vidoa, na baada ya muda utasikia mngurumo usiojua umetoka wapi.

gia_na_meno
Uwiano. Kwa tairi yako mzunguko ni 1.82 m. Kwenye gia yenye uwiano wa 1.0 na injini 6500, difu ya 4.11 inakupa kama 173 km/h, ya 3.54 inakupa kama 200. Gia ya tano ya 0.82 kwa 100 km/h: 4.11 inazungusha injini karibu 3090, 3.54 karibu 2660. Gari jepesi la barabara na kona, ningekaa kati ya 3.7 na 4.1.

Usiamini karatasi iliyobandikwa, hesabu meno. 37/9 ni 4.11. 41/10 ni 4.10. 43/11 ni 3.91. 39/11 ni 3.54. 40/9 ni 4.44. Bila kufungua: shika flenji moja isizunguke, zungusha ya pili mara mbili kamili, hesabu pinioni imezunguka mara ngapi. Hiyo ni kwa difu ya kawaida. Yenye LSD, zungusha flenji zote mbili pamoja mara moja.

Kuna mtego kwenye Subaru: WRX za gia tano zilizouzwa Marekani 2002 hadi 2005 zina 3.90 mbele, lakini nyuma ni 3.54, kwa sababu kuna punguzo la 1.1 njiani. Mtu anaagiza "difu ya 3.9" kwa kufuata jedwali la giaboksi, anapokea 3.54.

nati_kubwa
Na LSD, ipi?

gia_na_meno
Kwa barabara, Torsen. Haichoki haraka, haitaki kiongeza cha mafuta. Udhaifu wake: gurudumu moja likiwa hewani inakuwa kama difu ya kawaida. Ya bati za msuguano inashika hata hapo, lakini inataka mafuta yenye kiongeza na kufunguliwa mara kwa mara. Ya viskasi ya zamani ipime kabla ya kulipa: inua gurudumu moja, zungusha kwa mkono. Ikizunguka laini kama difu ya kawaida, kapsuli imekufa.

shafti_fupi
Shafti sasa, maana hapa ndipo kazi inapokwama. Nje utatumia jointi inayolingana na habu, ndani inayolingana na difu, na mara nyingi ni za watengenezaji wawili. Kinachoziunganisha ni fimbo iliyotengenezwa kwa meno tofauti kila ncha. Agiza fimbo mpya ya chuma aloi kama 4340 au 300M. Kukata fimbo ya kiwandani na kuchonga meno mapya ni bahati nasibu: ugumu wake uko juu ya ngozi tu, ukichonga unafika kwenye chuma laini na meno yanajikunja. Kuivisha bomba juu yake na kuchomelea ni kwa ajili ya kusukuma gari karakana, siyo kuendesha.

Kupata urefu: toa springi. Gurudumu likiwa kwenye usawa wa kuendesha, pima kitovu hadi kitovu. Rudia likiwa juu kabisa na chini kabisa. Fimbo iwe ya urefu unaoiweka jointi ya ndani katikati ya safari yake, na ibaki angalau 4 mm kila upande kwenye hali mbaya zaidi. Ikigonga mwisho ndani, inaisukuma beringi ya difu. Ikivutika nje, miguu mitatu inatoka kwenye kikombe na gari linabaki hapo.

Bolti za flenji: za M8 daraja la 10.9 au zaidi, karibu 45 Nm, uso ukiwa mkavu usio na grisi. Zikaze tena baada ya safari ya kwanza. Bolti za CV hazivunjiki kwa udhaifu, zinalegea kwanza, flenji inateleza, kisha zinakatwa.

bomba_na_chesisi
Nikinunua difu iliyotumika, nikague nini?

Krauni37
Fungua kifuniko. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho si kawaida. Shika pinioni, isukume na kuivuta: plei (uchezaji) yoyote ya mbele-nyuma ina maana beringi imekwisha au nati imelegea. Plei ya meno ipime kwa saa ya vipimo kwenye jino la krauni, sehemu nne. Kwenye difu ndogo hizi tarajia 0.10 hadi 0.20 mm. Tofauti kati ya sehemu na sehemu ikizidi 0.05, krauni imepinda au kuna uchafu nyuma yake.

Krauni na pinioni ni ndoa. Usinunue moja moja. Na ukilegeza nati ya pinioni kubadili sili, wekea alama nati, flenji na shafti, irudi palepale. Kwenye difu nyingi ndani kuna kibomba kinachobonyea nati ikikazwa, ukikikaza kupita kiasi beringi inaungua.

Mafuta GL-5, 75W-90. Na hapa angalia mwelekeo wa difu. Tundu la kujazia liko kwenye kifuniko cha nyuma. Ukifunga difu pua ikiwa juu kwa nyuzi 5, mafuta yanarudi nyuma, yanamwagika tunduni kabla hayajafika kipimo, na beringi ya mbele ya pinioni inakauka. Usijaze hadi tundu limwage, pima lita 0.8 kwa chombo. Tundu la kupumulia nalo livute juu kwa mpira hadi kwenye fremu. Likiziba, shinikizo la joto linasukuma mafuta kwenye sili.

bomba_na_chesisi
Naenda na R160 yenye 3.90, jointi za ndani za Subaru. Pinioni nitaisogeza upande, shafti zilingane. Moja la mwisho: naweza kusukuma chesisi kwenye magurudumu yake kabla fimbo hazijafika?

shafti_fupi
Siyo bila jointi za nje. Beringi ya habu ya aina hiyo inabanwa na jointi pamoja na nati ya katikati. Bila hizo, pete zake za ndani zinaachana na uzito wa gari unaziharibu kabla hujaendesha hata mita moja. Tafuta jointi mbili mbovu, kata vikombe, acha ncha zenye meno na nati, kaza kwa torki ya kitabu cha habu yako. Hapo sukuma utakavyo.

bomba_na_chesisi
Nimeipata, mkuu. Mchoro wa mkono wa pua nitauweka hapa ukiwa tayari, mniambie kama 500 mm zinatosha.